Kibanda Kando ya Kichaka

Kazi ya kwanza ya mwongoza wapiga picha za ndege ni kuondoka. Huingia kibandani na mgeni kabla hakujapambazuka, humwonyesha pa kuweka kiti na pa kupitishia lenzi, kisha hutoka peke yake akitembea kwa kishindo makusudi, ili aonekane na asikike. Ndege waliokuwa wakichungulia matawini wameona watu wakija, na sasa wameona mtu akienda zake. Hesabu ya kwamba waliingia wawili na ametoka mmoja huwapita wengi wao. Haichukui muda wanarudi kwenye shughuli zao, na aliyebaki ndani hana ruhusa hata ya kukohoa.

Mwalimu, mmoja wa waongozaji hao, aliijua mbinu hiyo ukubwani, baada ya kustaafu. Watu wa Kanja bado humwita hivyo kwa sababu nusu ya wenye maduka pale walipitia darasani kwake. Kanja ni soko dogo juu ya Runyenjes, kwenye miteremko ya Mlima Kenya upande wa Embu. Ukipanda kutoka sokoni, kahawa inakwisha na chai inaanza. Unafika kwenye ukanda wa chai wa Nyayo ulioanzishwa mwaka 1986 kutenganisha mashamba na msitu, na baada yake ni miti mitupu na ukungu. Ukishuka upande wa pili unakutana na joto la Mbeere, mbuzi, mizinga ya nyuki mitini na muguka. Ndege wa msitu wa baridi na ndege wa nyika kavu wametenganishwa na safari ya saa chache ya gari la probox. Kwa anayetaka picha za ndege, nchi ya namna hiyo haipatikani ovyo.

Wageni wa likizo anayopenda kuisimulia walikuwa watatu: mhasibu wa Nairobi, mkewe daktari wa meno, na mwuguzi mzaliwa wa Runyenjes anayefanya kazi Uingereza. Wazo lilikuwa la mwuguzi. Huko Ulaya aliwahi kulipia siku nzima ya kukaa katika kibanda chenye kioo cha upande mmoja, kile ambacho aliye ndani huona nje lakini ndege aliye nje haoni ndani. Vibanda vya aina hiyo vilipata sifa kubwa kupitia kazi ya Bence Máté wa Hungaria, aliyeshinda tuzo ya mpiga picha bora wa wanyamapori wa mwaka 2010, na leo vimefika mpaka Zimanga, Afrika Kusini.

“Mwalimu,” mwuguzi alisema kwenye simu, “nimepiga ndege wa watu mpaka nimechoka. Wa kwetu sina hata mmoja.”

“Njoo basi, binti yangu. Lakini kioo sina. Nina magunia.”

Kenya si ngeni katika mambo ya kujificha ili kuona. Treetops, ile hoteli ya juu ya mti kule Aberdare, ilijengwa na Eric Sherbrooke Walker mwaka 1932 kwa shabaha hiyohiyo: mgeni akae juu ya mugumo, atulie, tembo na vifaru waje kunywa maji chini yake. Binti wa mfalme wa Uingereza alikuwa juu ya mti huo usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, baba yake alipofariki na yeye kuwa Malkia Elizabeth. Wapiganaji wa Mau Mau waliichoma mwaka 1954; ikajengwa upya mwaka 1957. Kabla ya Treetops, ndugu wawili wa Yorkshire, Richard na Cherry Kearton, walikuwa wametengeneza ng'ombe wa bandia mwenye tumbo wazi, mtu akaingia ndani na kamera na kupiga picha ndege ambao hawamwogopi ng'ombe. Siku moja ng'ombe alipinduka na Richard yumo tumboni. Cherry ndiye aliyefika Kenya mwaka 1909, safari ya kuwinda ya Theodore Roosevelt ilipokuwa ikiendelea, akamchukua Roosevelt katika filamu.

Lakini Mkenya wa leo akisema anakwenda kupiga picha wanyama, ana maana ya gari. Mbugani hairuhusiwi kushuka ila mahali palipotengwa, na wanyama wamezoea magari, kwa hiyo gari ndilo kibanda. Tatizo ni kwamba gari liko juu. Ukimpiga picha kanga au kitwitwi kutoka dirishani unapata mgongo na vumbi. Jicho lake hulioni sawasawa. Na katika mashamba ya Embu, ambako gari haliwezi hata kushuka bondeni, hakuna namna nyingine ila kukaa chini na kungoja.

Kungoja Mwalimu alikufahamu tangu utotoni, ingawa kwa nia tofauti kabisa. Kila msimu wa mawele na mtama alipelekwa kwa nyanya yake huko Mbeere kulinda shamba. Watoto walikaa juu ya ulingo na teo, na rundo la vidonge vya udongo vilivyokaushwa juani. Kamba ilitoka ulingoni ikazunguka shamba, imefungwa mikebe. Ndege wakitua, mtoto anavuta kamba, mikebe inapiga kelele, kundi linanyanyuka. Kwelea wakija kwa maelfu mikebe haisaidii kitu, lakini kwa minana na hua wachache ilitosha.

Ulingoni ndipo alipojua ratiba yao. Asubuhi na mapema wanakuja na njaa, hawana hofu. Jua likikaza wanapotea, na mtoto anaweza kulala. Alasiri wanarudi, na safari hii wana ujanja: kwanza anatangulia mmoja, anatua kwenye mti uleule kila siku, anautazama ulingo. Akiona mtoto kasinzia, wenzake wanafuata. Ndege, anasema Mwalimu, alikuwa anamjua yeye kuliko yeye anavyomjua ndege. Miaka mingi baadaye, akichagua pa kusimamisha kibanda, swali lake la kwanza lilikuwa hilo: yule anayetangulia anatua wapi?

Kibanda cha kwanza cha likizo ile kilisimama ukingoni mwa msitu, upande wa Irangi. Kilikuwa nguzo za mkaratusi, magunia ya kahawa yaliyoshonwa pamoja na neti nyeusi ya kivuli, ileile inayowekwa juu ya vitalu vya miche. Hakukisimamisha kwa siku moja. Alianza majuma kadhaa kabla ya wageni kufika: kwanza nguzo tupu, akaziacha, kisha gunia upande mmoja, akaondoka tena. Mwisho alitoboa tundu na kuchomeka chupa nyeusi, kitako nje, ili ndege wazoee kutazamwa na jicho la kioo. Siku ya kazi chupa ilitoka, lenzi ikaingia.

Mahali penyewe ndipo penye akili. Wengi wakitaka kumpiga picha ndege wa juu ya miti humlenga kutoka chini, wakapata tumbo jeusi na mawingu meupe. Nchi ya Embu imekatwakatwa na mito, na ukisimama juu ya bega la bonde, mti uliootea chini kando ya maji unakuletea kilele chake mbele ya macho. Mwalimu alitafuta mugumo wenye matunda bondeni, akapanda juu ya bega, akaketi chini kuhakikisha kwamba matawi yenye matunda yako usawa wa jicho la mtu aliye kwenye kigoda. Hapo ndipo alipochimbia nguzo.

Aliyengojwa ni shorobo wa Hartlaub, ndege wa misitu ya milimani katika Afrika Mashariki: kijani na bluu, alama nyeupe usoni, na mabawa mekundu anayoyaficha mpaka aruke. Wekundu huo una shaba ndani yake. Mkemia Mwingereza Arthur Church aliligundua hilo mwaka 1869. Akitulia tawini huoni dalili ya wekundu. Akiruka ni kama sekunde moja, kisha umefunikwa tena.

Mhasibu alipiga picha mamia kadhaa asubuhi ya kwanza, na katika zote ndege ama ameketi ama ameshaondoka. Mwanga ulikuwa mdogo. Hata kwa ISO 3200 kamera haikupata kasi ya kutosha mpaka ukungu ulipoanza kupungua. Wakati wa chai ya mchana Mwalimu aliwaeleza jambo ambalo halimo katika kitabu cha maelekezo ya kamera yoyote. Shorobo haruki kutoka alipoketi. Hukimbia kwanza juu ya tawi mpaka ncha, na ni pale nchani anapofungua mabawa. “Acheni kumfuata ndege,” aliwaambia. “Lengeni ncha ya tawi, mngoje.” Kesho yake daktari wa meno, aliyekuwa na lenzi ndogo kuliko wote, alitoka na picha ya mabawa yaliyofunguka kama ukurasa wa kitabu chenye rangi. Mumewe alimpongeza kwa sauti ya mtu anayelipa deni.

Hata hivyo, si shorobo aliyemtoa mwuguzi Uingereza. Alimtaka zogoyogo wa Hinde.

Ndege huyu anaishi Kenya tu. Yuko katika mabonde ya Mukurweini na Kianyaga, sehemu za Embu, Mbeere, Machakos na Meru, na katika orodha ya kimataifa ya IUCN amewekwa miongoni mwa walio hatarini. Jina lake limetoka kwa Sidney Langford Hinde, daktari Mwingereza aliyepigana Kongo katika vita vya dola ya Mfalme Leopold dhidi ya Waarabu na Waswahili wa kina Tippu Tip, kisha akawa mtawala wa kikoloni Ukambani. Richard Bowdler Sharpe wa makumbusho ya London alimwandika ndege huyo mwaka 1900. Ndivyo ndege wa vichaka vya mama zetu alivyopewa jina la afisa.

Kwa sura hana makuu. Ni wa kahawia, mwenye madoa meupe na macho mekundu, anatembea na ukoo wake chini ya vichaka akipekua majani makavu na kupiga kelele. Cha ajabu ni kwamba hakuna wawili wanaofanana. Huyu ana kichwa karibu cheupe chote, yule ana chembechembe shingoni, mwingine ana baka moja juu ya jicho. Kwa hiyo picha nzuri ya zogoyogo si pambo la ukutani tu; ni kitambulisho.

Kichaka anachokitegemea katika nchi ya mashamba, kwa kejeli ya mambo, ni lantana, gugu lililoletwa kutoka Amerika. Vichaka vya asili vilifyekwa kupisha kahawa na nduma, lantana ikajaza pembezoni na kingo za mito, na ndege akahamia humo. Watafiti waliorudi katika mabonde hayohayo kati ya mwaka 2000 na 2011 walikuta idadi ya ndege hawa ikipanda na kushuka sambamba na vichaka. Kikifyekwa kichaka, ukoo mzima unapotea. Na mkulima ana haki ya kukifyeka, maana lantana hutia sumu mifugo.

Mwenye shamba ambako Mwalimu alitaka kusimamisha kibanda cha pili alikuwa ameshanoa panga. Ndama wake alikuwa amekula lantana, ngozi ikaharibika kwa jua. Alimsikiliza Mwalimu mpaka mwisho, kisha akauliza, “Sasa Mwalimu, nifuge ng'ombe au nifuge ndege?”

“Fuga ng'ombe, mama. Mimi naomba ukingo wa mto tu.”

Walikubaliana hivi: lantana ya karibu na boma iondoke yote, ile ya ukingoni ibaki na izungushiwe fito ng'ombe wasifike, na kila mgeni atakayekaa kibandani amlipe mama mwenyewe mkononi kabla hajaingia. Mwalimu alikataa fedha zipitie kwake. Alikuwa ameona mahali pengine fedha za wageni zikipita mikono mingi na mwenye ardhi akiambulia fulana. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hapo ndipo likizo ile ilipopita likizo nyingi zinazotangazwa kwa karatasi zinazong'aa. Zingine huuza ndege. Hii ilimlipa mwenye kichaka.

Kuwapata zogoyogo hakukuhitaji chambo. Vichaka viwili vya mama vilitenganishwa na njia ya ng'ombe, upana wa hatua chache, na ukoo wa ndege ulipaswa kuivuka kila asubuhi. Kibanda kikawekwa mwisho wa njia, chini kabisa, lenzi usawa wa majani. Wawili waliingia, mmoja akatoka.

Usiku uliotangulia kulikuwa kumetokea ubishi. Mhasibu alikuwa na sauti ya zogoyogo ndani ya simu, na aliona ni kupoteza wakati kungoja ndege ambaye ukimpigia sauti yake anakuja mbio. Ni kweli anakuja. Zogoyogo wana mipaka, na ukoo ukisikia ukoo mwingine ndani ya eneo lake hutoka kupigana. Mwalimu alimwambia kwamba ndege anayekuja hivyo ameacha kulisha makinda yake ili apigane na simu. Mhasibu akasema mara moja haidhuru. “Kwako ni mara moja,” alijibu Mwalimu. “Kwake ni kila mgeni.” Simu ikarudi mfukoni, ingawa si kwa furaha.

Asubuhi zogoyogo walivuka. Kwanza mmoja juu ya kilele cha kichaka, akitazama huku na huku kwa jicho jekundu. Mwalimu, aliyekuwa ng'ambo ya mto na darubini, alimjua mara moja yule anayetangulia. Kisha wengine mmoja mmoja chini, wakirukaruka juu ya samadi iliyokauka, wakigeuza majani. Mwuguzi alipiga picha mpaka walipoingia kichaka cha pili. Jioni waliziangalia kwenye kompyuta mezani kwa Mwalimu, na yeye akatoa daftari la shule lenye mistari, akachora kichwa cha kila ndege kwa penseli, akaweka namba pembeni na safu za tarehe kulia. Ilikuwa rejista. Kila kikao cha kibandani, aliyeonekana aliwekewa alama ya vema, asiyeonekana mstari, kama alivyowaita watoto darasani miaka yote ile.

Waliteremka baadaye mpaka Hifadhi ya Taifa ya Mwea, kupitia Kiritiri na Makima. Hifadhi hiyo ya mwaka 1976 ina kilomita za mraba 42 tu, kati ya mito Tana na Thiba, pembeni mwa bwawa la Kamburu, lakini ndani yake zimeorodheshwa zaidi ya aina 200 za ndege. Huko walirudi kwenye gari, kwa kuwa kuna tembo na viboko na hakuna mzaha. Walipata keremkerem, hondohondo na tai mvuvi. Picha zilikuwa safi. Mhasibu mwenyewe ndiye aliyesema kwamba zilikosa kitu, kwa sababu ndege wote walikuwa wakilitazama gari.

Likizo hiyo iliacha mambo mawili Kanja. Moja ni kwamba Mwalimu amebadilisha anachouza. Zamani aliwaahidi wageni idadi ya aina za ndege. Sasa anawaahidi mahali na muda, na anawaambia kabisa kwamba huenda wakakaa asubuhi nzima wasipate kitu. Wengine hukata simu. Wanaobaki ndio wateja anaowataka. Jambo la pili ni rejista. Mwuguzi huandika kutoka Uingereza kuuliza habari za namba fulani, na Mwalimu hujibu kwa alama za daftari.

Anayetaka kwenda, aende miezi ya ukavu, Januari na Februari, au kuanzia mwishoni mwa Julai hadi Septemba, maana wakati wa mvua njia za mabondeni huwa utelezi mtupu na ndege wengi wako kwenye viota. Picha za viota waongozaji wenye adabu hawakubali. Beba lenzi ya milimita 400 au zaidi, nguo zisizo na rangi kali na kiti kinachokunjika. Ukifika kibandani, uliza mwenye shamba ni nani, umwone ana kwa ana na umlipe.

Nawe mkulima wa Kirinyaga, Embu au Meru mwenye shamba linalogusa mto: kanuni za maji za Kenya zinataka ukanda wa angalau mita 6 kutoka ukingoni usiguswe kwa kilimo. Ukiamua kuondoa lantana hapo, usiifyeke yote kwa mkupuo. Kata kipande, panda miti ya asili, ngoja ifunge kivuli, ndipo ukate kingine. Na mvua zikiwa zimeanza, liache panga nyumbani mpaka makinda yatoke.